Hukumu Inapokawia Baada ya Shauri Kusikilizwa: Ukomo wa Siku Pekee Hautoshi

Shauri likishasikilizwa hadi mwisho, mashahidi wakamaliza kutoa ushahidi na mawakili wakawasilisha hoja zao za kuhitimisha, hubaki kazi moja tu, nayo ni mahakama kutoa hukumu. Jaji au hakimu anaweza kuitoa papo hapo, au akaiahirisha ili apate muda wa kupitia jalada, kupima ushahidi na kuandika sababu zake. Uahirishaji huo ni wa kawaida na mara nyingi ni wa lazima, kwa kuwa hukumu iliyoandikwa kwa haraka huweza kumuumiza mwenye haki. Tatizo huanza pale tarehe iliyopangwa inapopita, ikapangwa nyingine, nayo ikapita. Au pale wadaawa wanapoambiwa kwamba hukumu itatolewa kwa taarifa, na taarifa hiyo isifike.

Ucheleweshaji wa aina hii ni tofauti na mlundikano wa mashauri unaozungumzwa mara kwa mara. Shauri linapokawia kusikilizwa, lawama hugawanyika kwa wengi: wakili hakufika, shahidi hakupatikana, upelelezi haujakamilika, mdaawa ameomba ahirisho. Shauri linaposubiri hukumu, hakuna tena wa kusubiriwa isipokuwa mahakama yenyewe. Na kwa mwananchi, huo ndio wakati mgumu zaidi kulalamika, kwa sababu anayepaswa kulalamikiwa ndiye aliyeshika kalamu itakayoamua hatima yake.

Nchi nyingi zimejibu tatizo hili kwa kuweka ukomo wa siku. Swali ambalo halipati majibu mepesi ni nini kinachotokea siku inayofuata ukomo huo. Mfano unaofaa kutazamwa kwa makini ni wa India. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliweka ratiba ya kina kuhusu hukumu zinazokawia mwaka 2001, na mwaka 2025 ikalazimika kulirudia suala hilo hilo. Yaliyotokea kati ya miaka hiyo miwili yana funzo kwa Afrika Mashariki, ambayo sehemu kubwa ya taratibu zake za mashauri ina asili moja na zile za India.

Gharama ya kusubiri

Kwa aliye gerezani, kila mwezi wa kusubiri hukumu ya rufaa ni mwezi wa kifungo. Ikiwa rufaa yake itakataliwa, muda huo utahesabiwa ndani ya adhabu. Ikiwa itakubaliwa, hakuna njia ya kumrudishia siku alizokwisha kuzitumikia.

Katika mashauri ya madai hasara huonekana polepole zaidi. Shamba au kiwanja chenye zuio la mahakama hakiwezi kuuzwa, kuendelezwa wala kuwekwa rehani hadi hukumu itoke. Mirathi haigawanywi. Mfanyakazi anayedai kuachishwa kazi isivyo halali hajui kama atarejeshwa kazini au aanze maisha mapya kwingine. Mfanyabiashara anayedai fedha hupata hukumu wakati mdaiwa wake amekwisha kufilisika au amehamisha mali.

Kuna pia hasara inayoipata haki yenyewe. Jaji aliyewaona mashahidi wakihojiwa hukumbuka jinsi walivyojibu, walipositasita na walipojikanganya. Kumbukumbu hiyo hufifia kadiri miezi inavyopita, na hatimaye hukumu huandikwa kwa kutegemea maandishi ya jalada peke yake. Mdaawa aliyeshindwa baada ya miaka miwili ya kusubiri ana sababu ya kujiuliza kama hoja za wakili wake zilikumbukwa. Hata kama zilikumbukwa, imani yake kwa mahakama imekwisha kupungua.

Zaidi ya hayo, muda wa kukata rufaa huanza kuhesabiwa baada ya hukumu. Bila hukumu hakuna rufaa, na asiye na rufaa hana mahali pengine pa kupeleka shauri lake. Mwenye kusubiri hukumu hajashinda wala hajashindwa, na sheria haimpi njia ya kuondoka katika hali hiyo ila kwa kusubiri.

Sheria zinavyosema

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisicheleweshe haki pasipo sababu ya msingi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inataka hukumu itolewe mara baada ya shauri kumalizika au mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote muda huo usizidi siku 90.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 159, inaweka kutocheleweshwa kwa haki miongoni mwa misingi ya utendaji wa mahakama. Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za nchi hiyo, za mwaka 2010, zinatoa siku 60 tangu shauri kumalizika kusikilizwa. Kanuni hizo haziishii kwenye idadi ya siku. Zinaeleza pia kwamba siku 60 zikipita bila hukumu, jaji ataandika sababu za kuchelewa, nakala ya sababu hizo itapelekwa kwa Jaji Mkuu, na tarehe ya hukumu itapangwa mara moja. Umuhimu wa sharti hilo utaonekana baadaye.

India nayo ina ukomo katika Sheria yake ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1908: kwa kawaida siku 30, na zisizidi 60 pale penye sababu za kipekee. Sheria hiyo ya 1908 si ngeni Afrika Mashariki. Ilitumika Tanganyika wakati wa utawala wa Waingereza, hadi Tanzania Bara ilipotunga sheria yake mwaka 1966. Hata leo mpangilio wa amri na kanuni katika sheria hizo mbili unafanana, na Amri ya 20 katika kila moja ndiyo inayohusu hukumu.

Ukomo wa siku 30 hadi 60 nchini India, hata hivyo, uliwekwa kwa ajili ya mahakama zinazosikiliza madai kwa mara ya kwanza. Mahakama Kuu za majimbo, zinaposikiliza rufaa, hazikuwekewa idadi ya siku. Huko ndiko hukumu zilikokuwa zikikawia zaidi.

Ratiba ya mwaka 2001

Shauri lililozua mjadala lilitoka jimbo la Bihar. Watu waliotiwa hatiani kwa mauaji walikata rufaa katika Mahakama Kuu ya Patna. Hoja zilimalizika Agosti 1995, na hukumu ikatolewa Agosti 1997, karibu miaka miwili baadaye. Rufaa ilipofika Mahakama ya Juu, majaji K. T. Thomas na R. P. Sethi hawakuishia kwenye hatia ya warufani. Katika uamuzi wao wa Agosti 2001 walitoa maelekezo kwa Mahakama Kuu zote za nchi, yatumike hadi Bunge litakapotunga sheria.

Elekezo la kwanza lilikuwa jepesi kuliko yote: ukurasa wa kwanza wa kila hukumu iliyoahirishwa uoneshe tarehe mbili, ya kumalizika kwa hoja na ya kutolewa kwa hukumu. Yeyote atakayeisoma, awe mdaawa, mwandishi wa habari au jaji wa rufaa, ataona muda uliopita bila kufungua jalada.

Elekezo la pili liliwahusu makarani. Kila mwezi, karani wa mahakama alipaswa kumpelekea Jaji Mkuu wa jimbo orodha ya mashauri ambayo hukumu zake hazijatolewa. Miezi miwili ikipita tangu hoja kumalizika, Jaji Mkuu alitakiwa kuwakumbusha majaji husika.

Hatua zilizofuata zilimpa mdaawa nafasi ya kufanya jambo. Miezi mitatu ikipita, upande wowote unaweza kuwasilisha maombi ya kutaka hukumu itolewe mapema, na maombi hayo yapangwe mbele ya majaji husika ndani ya siku mbili, bila kuhesabu sikukuu. Miezi sita ikipita, upande wowote unaweza kumwomba Jaji Mkuu aliondoe shauri mikononi mwa majaji hao na kulikabidhi kwa wengine ili hoja zisikilizwe upya.

Ratiba hiyo ilikuwa na mantiki nzuri. Ilianza na kumbukumbu, ikaenda kwenye ukumbusho wa ndani, ikafuata na maombi ya mdaawa, na mwisho ikaruhusu shauri kuhamishwa. Kila hatua ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia, na hakuna hata moja iliyomwelekeza jaji aamue vipi. Uhuru wa mahakama haukuguswa. Kilichosimamiwa ni muda tu.

Miaka 24 baadaye

Aprili 2025 wafungwa wanne waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha katika jimbo la Jharkhand waliiandikia Mahakama ya Juu ya India. Rufaa zao zilikwisha kusikilizwa na hukumu kuahirishwa mwaka 2022. Karibu miaka mitatu ilikuwa imepita, na hawakuwa wamepewa jibu. Mahakama ya Juu ilipolifuatilia suala hilo, hukumu zilitolewa ndani ya wiki chache. Wafungwa watatu walionekana hawana hatia. Kwa yule wa nne, majaji walitofautiana.

Matokeo hayo yanaeleza uzito wa jambo hili kuliko takwimu yoyote. Watu watatu walikaa gerezani wakisubiri maandishi ambayo, yalipotoka, yaliwaachia huru. Kwa mujibu wa ratiba ya 2001, wangeweza kuomba hukumu itolewe mapema tangu mwezi wa tatu, na kuomba majaji wengine tangu mwezi wa sita. Haki hizo zilikuwepo kwenye maandishi wakati wote waliokuwa wakisubiri.

Mahakama ya Juu iliziagiza Mahakama Kuu zote zilete taarifa za hukumu zilizoahirishwa ambazo bado hazijatolewa. Agosti mwaka huo huo, majaji Sanjay Karol na Prashant Kumar Mishra walikutana na tatizo hilo katika shauri jingine, lililotoka Mahakama Kuu ya Allahabad. Ilikuwa rufaa ya jinai ya mwaka 2008, ambayo hoja zake zilimalizika Desemba 2021 bila hukumu kufuata. Majaji hao walirudia maelekezo ya 2001 na kuongeza jambo moja: hukumu isipotolewa ndani ya miezi mitatu, Msajili Mkuu ndiye atakayelipeleka shauri kwa Jaji Mkuu wa jimbo, Jaji Mkuu atawataka majaji husika watoe hukumu ndani ya wiki mbili, na wasipofanya hivyo, shauri litapewa majaji wengine.

Tofauti kati ya ratiba hizo mbili ni ndogo kwa maandishi lakini kubwa kwa utekelezaji. Mwaka 2001 hatua nzito zilimsubiri mdaawa azianzishe. Mwaka 2025 zilipewa ofisi ya Msajili, zianze zenyewe siku zinapotimia. Ilichukua miaka 24 kukubali kwamba mdaawa si mtu sahihi wa kubebeshwa jukumu hilo. Mfungwa asiye na wakili hajui kwamba haki hiyo ipo. Mwenye wakili huogopa kumuudhi jaji. Naye wakili atasimama mbele ya jaji huyo huyo kesho katika shauri la mteja mwingine.

Uamuzi uliotangulia sababu zake

Kuna namna nyingine ya kukawia ambayo haionekani kwenye hesabu ya kawaida. Jaji hutamka matokeo mahakamani, kwamba maombi yamekubaliwa au yamekataliwa, na kusema kuwa sababu zitafuata. Kwenye rejista shauri limekwisha. Kwa mdaawa halijaisha, kwa kuwa bila sababu hawezi kuandaa rufaa yenye maana, na aliyeshinda anaweza kuanza kukaza hukumu ambayo msingi wake haujulikani.

Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya India ilishughulikia shauri kutoka jimbo la Gujarat ambapo matokeo yalitamkwa mahakamani na sababu zikafika zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Mahakama hiyo ilieleza njia zilizo wazi kwa jaji: kutamka hukumu kamili mbele ya wadaawa, kuiahirisha hadi iwe tayari, au kutamka matokeo na kutoa sababu ndani ya siku chache. Njia ya nne, ya kutamka matokeo na kuziacha sababu bila tarehe, haikukubalika.

Jambo hilo linastahili kuzingatiwa katika upimaji wa utendaji wa mahakama popote. Ikiwa kinachohesabiwa ni idadi ya mashauri yaliyofungwa, kutakuwa na kishawishi cha kufunga kwa kutamka na kuandika baadaye. Kinachomgusa mwananchi ni siku anayopata nakala ya hukumu yenye sababu mkononi, na hiyo ndiyo siku inayofaa kuhesabiwa.

Kwa nini hukumu hukawia

Itakuwa kosa kuamini kwamba kila hukumu inayokawia imesababishwa na uzembe. Jaji anayesikiliza mashauri kila siku ya kazi huandika usiku, mwisho wa wiki au wakati wa likizo ya mahakama. Asipotengewa siku za kuandika, hukumu zake hulundikana kwa sababu ya bidii yake ya kusikiliza. Kila shauri analolimaliza huongeza deni la kuandika.

Uhamisho ni sababu nyingine. Hakimu anayehamishiwa kituo kipya hukuta majalada mapya yakimsubiri, huku yale ya kituo cha awali yakiwa bado yanadai hukumu. Mwenendo wa shauri ulioandikwa kwa mkono huchukua muda mrefu kusomwa upya. Kuna pia mashauri yenye hoja ngumu za kisheria, au majalada yenye maelfu ya kurasa, ambayo siku 60 au 90 hazitoshi kwa yeyote.

Sababu hizo zina dawa zake, na nyingi ni za kiutawala: kupanga siku za kuandika katika kalenda ya kila jaji, kutomhamisha hakimu kabla hajamaliza hukumu alizoahirisha, kurekodi mwenendo wa shauri kwa njia ya kielektroniki, na kuajiri wasaidizi wa utafiti wa sheria. Lakini hakuna kiongozi wa mahakama anayeweza kupeleka msaada mahali asipojua kuwa unahitajika. Kwa hiyo hata kwa jaji mwenye bidii aliyezidiwa na kazi, hatua ya kwanza inabaki ile ile, ya kuwepo kwa orodha inayoonesha nani anadaiwa hukumu ngapi na tangu lini.

Orodha inayoonekana

Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi katika hilo. Viwango vya utendaji vilivyotolewa na Jaji Mkuu mwaka 2014 vinaelekeza kwamba kwa kawaida hukumu isiahirishwe bila kutajwa tarehe, na kwamba juhudi zote zifanyike itolewe ndani ya miezi mitatu tangu shauri kusikilizwa mara ya mwisho. Taarifa za hukumu zilizoahirishwa hutangazwa na mahakama kwa umma. Mwananchi hahitaji kuwasilisha maombi wala kumwandikia yeyote ili ajue hali ilivyo.

Sharti la kanuni za Kenya la kuandika sababu na kuzipeleka kwa Jaji Mkuu lina mwelekeo huo huo, ingawa taarifa hubaki ndani ya mahakama. Nguvu yake haitokani na adhabu, bali na kulazimika kueleza. Jaji anayejua kwamba siku ya 61 ataandika barua ana sababu ya kumaliza hukumu siku ya 59.

Mifumo ya kielektroniki ya kusimamia mashauri, ambayo mahakama za Tanzania na Kenya zimekuwa zikiitumia, inarahisisha kazi ambayo karani wa Patna alipaswa kuifanya kwa mkono. Mfumo unaojua tarehe ambayo hoja zilimalizika unaweza kuhesabu siku na kumtaarifu Jaji Mfawidhi kabla ukomo haujafika. Kinachohitajika ni tarehe hiyo kuingizwa kwa usahihi siku husika, na kutobadilishwa. Shauri likifunguliwa upya kwa kisingizio cha kutaka ufafanuzi mdogo, hesabu ikaanza tena sifuri, mfumo utaonesha picha nzuri isiyo ya kweli.

Hatua nzito na mipaka yake

Kuhamisha shauri kwa jaji mwingine kunaonekana kuwa dawa kamili, lakini kuna gharama. Hoja husikilizwa upya, wadaawa hulipa mawakili upya, na jaji mpya huanza kusoma jalada kutoka ukurasa wa kwanza. Katika rufaa, ambako ushahidi umo kwenye maandishi, gharama hiyo inavumilika. Katika mahakama iliyosikiliza mashahidi, jaji mpya hatakuwa amemwona yeyote kati yao. Ndiyo maana ratiba ya India iliiweka hatua hiyo mwisho, na ndiyo maana haifai kuwa ya kwanza popote.

Hatua za nidhamu nazo zina mipaka. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitengua pendekezo la jopo lililotaka jaji aondolewe kazini katika suala lililohusu kuchelewa kutoa sababu za uamuzi. Ilionekana kwamba kilichothibitishwa hakikufikia kiwango cha utovu mkubwa wa nidhamu unaotakiwa na Katiba. Kwa maneno mengine, kuchelewa ni kasoro, lakini si kila kuchelewa kunaweza kumwondoa jaji, na mfumo unaotegemea adhabu kubwa peke yake utabaki bila zana kwa makosa mengi ya kawaida.

Wala hukumu iliyochelewa haibatiliki kwa kuchelewa pekee. Mahakama za rufaa katika nchi zenye asili ya sheria ya Uingereza kwa kawaida huuliza kama kuchelewa huko kumesababisha makosa katika hukumu, na aliyeshindwa ndiye anayetakiwa kuyaonesha. Msimamo huo una busara, kwa kuwa kubatilisha kungemwadhibu aliyeshinda kwa kosa lisilo lake na kuwarudisha wote mwanzo. Maana yake, hata hivyo, ni kwamba baada ya hukumu kutoka hakuna tena nafuu kubwa ya kutafutwa. Nafuu ya kweli inapatikana kabla, wakati hukumu bado inasubiriwa.

Nafasi ya mwananchi

Kwa sasa, mwenye shauri linalosubiri hukumu ana hatua kadhaa zilizo ndani ya uwezo wake. Ya kwanza ni kuhakikisha siku hoja zinapomalizika kwamba tarehe ya hukumu imetajwa na imeandikwa kwenye jalada, na kuinakili. Ya pili, ukomo ukipita, ni kuandika barua ya heshima kwa kiongozi wa kituo, yaani Hakimu Mfawidhi au Jaji Mfawidhi kwa Tanzania, akitaja namba ya shauri, tarehe ambayo hoja zilimalizika na tarehe zilizopangwa zikapita. Barua ya namna hiyo haihoji uamuzi wa jaji wala haimwombi aamue kwa upande fulani. Inaeleza muda tu, na muda ni jambo la utawala wa mahakama.

Ikiwa hakuna jibu, ngazi zipo. Kwa mahakimu wa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliunda kamati za maadili za maafisa wa mahakama katika mikoa na wilaya. Nchini Kenya, ofisi ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya mahakama ilianzishwa mwaka 2011, na suala la hukumu kukawia linaweza kupelekwa huko. Si lazima kuwa na wakili ili kulalamika.

Hata hivyo, uzoefu wa India unaonya dhidi ya kuuachia mzigo huu mwananchi. Ratiba iliyomtaka mdaawa aanze ndiyo iliyolala huku wafungwa wa Jharkhand wakisubiri. Iliyopewa Msajili wa kuisukuma ndiyo inayotarajiwa kufanya kazi, na bado itahitaji kupimwa kwa matokeo yake. Ukomo wa siku 30, 60 au 90 ni mwanzo unaohitajika. Unapata nguvu pale tarehe mbili zinapoandikwa kwenye uso wa hukumu, orodha inapomfikia kiongozi wa mahakama bila kuombwa, na ofisi moja inapojulikana kwamba ndiyo yenye wajibu wa kuuliza, siku ukomo unapotimia, hukumu iko wapi.